Gari-nyumba uani na ardhi ya makoro: jibu kwa mama wa Himbi

Swali: Mume wangu amenunua gari-nyumba la zamani la Kijerumani kutoka kwa msafiri mmoja aliyekatiza safari yake hapa Goma. Tumeliegesha uani, Himbi, liwe chumba cha wageni na cha mama mkwe akija kutoka Bukavu. Lilikuja na plagi ya buluu, ya duara, yenye meno matatu. Fundi wa mtaani aliikata akafunga ya kawaida ya meno mawili, na sasa tunavuta ralonji, waya wa kurefushia umeme, kutoka sebuleni, inapita dirishani. Tangu mvua zianze mtoto anasema mlango wa gari unamng'ata. Mimi nikiugusa nasikia kama sindano. Fundi anasema gari lina magurudumu ya mpira, haliwezi kumdhuru mtu. Ni kweli? Na tukitaka kufunga umeme vizuri tuanzie wapi? Umeme ukikatika huwa tunawasha jenereta.

Jibu: Mama, kabla hujaendelea kusoma, nenda ukachomoe hiyo ralonji. Ichomoe sebuleni, si upande wa gari, na mwite mtoto akae mbali mpaka imeshachomoka. Kisha rudi tuzungumze. Hamtakaa gizani: magari ya aina hiyo yana betri ya volti 12 inayowasha taa za ndani, na jiko lake, mara nyingi hata friji, hutumia gesi. Mgeni anaweza kulala humo siku chache bila waya wowote kutoka nyumbani, na katika siku hizo kazi ifanyike inavyotakiwa.

Nianze na hilo la magurudumu, maana wanaoliamini ni wengi, na wengine ni watu wa kazi hii hii. Ni kweli kwamba mpira haupitishi umeme. Lakini fuata mambo yanavyokwenda. Waya mmoja ndani ya gari umechubuka na umegusa bati. Kama gari lingekuwa limefungwa kwenye ardhi, kuranti ingepata njia ya kushuka, na kinga ingepata sababu ya kujikata. Gari lililosimama juu ya mpira halina njia hiyo. Bati, kitasa na ngazi vyote vinabaki na volti 220, na huwezi kujua, kwa sababu taa zinawaka na friji inafanya kazi kama kawaida. Siku mtu anaposimama chini na kushika kitasa, yeye ndiye anayekuwa waya wa ardhi. Aliyekwisha kuingia ndani, akakaa, hasikii kitu. Anayeumia ni anayepanda na anayeshuka, na kwenu huyo ni mtoto.

Sasa hiyo sindano. Inaweza kutoka sehemu mbili. Ya kwanza ni chaja ya betri ya gari. Ndani yake kuna vichujio vidogo vinavyounganisha fezi (waya unaoleta umeme) na bati, na nyutro (waya unaourudisha) na bati. Waya wa ardhi usipokuwapo, bati linakaa katikati ya hizo mbili, karibu na volti 110, lakini kwa kuranti ndogo mno, chini ya miliampea moja, ndiyo maana mtu husikia kuchomwa badala ya kupigwa. Ya pili ni hitilafu yenyewe: waya uliochubuka, au unyevu ulioingia kwenye kifaa cha kupasha maji. Hiyo inaua. Kwa kidole huwezi kuzitofautisha, na nakuomba usijaribu. Mwenye ndala kavu juu ya makoro, yaani mawe ya lava, yaliyo makavu anaweza kusikia kidogo tu hata pale hitilafu ni kubwa. Mtu yule yule akiwa peku, ardhi imelowa, hali ni nyingine kabisa. Huenda tatizo lenu lilikuwapo tangu siku ya kwanza, mvua ikalifanya lisikike.

Lolote liwe kati ya hayo mawili, linarudi kwenye lile jino la tatu lililokatwa. Plagi ya buluu ni ya kawaida huko Ulaya kwa magari ya kulala: ampea 16, volti 200 hadi 250, imetengenezwa kustahimili mvua. Jino moja ni fezi, jingine nyutro, na lile nene kuliko mengine ni ardhi. Fundi wenu aliliondoa kwa sababu prizi ya sebuleni ina matundu mawili, na nyumba nyingi za hapa ziko hivyo. Naelewa alivyofikiri. Lakini aliondoa njia pekee ambayo gari lilikuwa nayo ya kujilinda. Nunueni nyingine ya buluu, ya ampea 16, irudishwe mahali pake. Wanaouza vifaa vya jenereta huwa nazo, maana jenereta nyingi za kati zina prizi za aina hiyo hiyo. Waya wa kijani wenye mstari wa njano uende kwenye jino la ardhi, wa buluu kwenye nyutro, wa kahawia kwenye fezi. Ukiwa na fundi, simama uone kwa macho yako hiyo ya kijani na njano ikifungwa.

Hapo ndipo Goma inapotengana na vitabu. Kitabu chochote cha umeme kitakwambia: piga chini fimbo ya shaba ya mita 1.5 au 2, ufunge waya, umemaliza. Kinsasa labda. Huku kwetu mtaimbo unagonga makoro kabla haujazama hata kiganja. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilikata mji katikati ikaingia ziwani. Ya Mei 2021 ilisimama kwenye viunga vya kaskazini. Na chini ya mitaa mingine kuna lava za zamani zaidi ambazo hakuna anayezikumbuka. Mwamba huo umejaa vitundu. Maji ya mvua yanapita ndani yake yanakwenda zake, haushiki unyevu, na mwamba mkavu haupitishi umeme. Fimbo iliyopigiliwa kwa nguvu kwenye ufa wa makoro inaweza kukaa imara kiasi cha kumfungia ng'ombe, lakini ukiipima kwa telurometa, kile chombo cha kupimia ardhi kwa omu, ambazo zikiwa chache ndiyo ardhi nzuri, unapata omu 300, 500, au zaidi.

Hesabu yake ni fupi, naomba uifuate, kwa sababu yote nitakayosema baadaye yanaitegemea. Tuseme fundi amehangaika akapata omu 200, na kwa Goma hicho si kipimo kibaya. Fezi imegusa bati. Volti 220 ukigawa kwa 200 unapata ampea 1.1. Disjonkta, ile swichi inayojikata mzigo ukizidi, ikiwa ya ampea 16, kwake ampea 1 ni televisheni na taa chache, haitashtuka. Itabaki imewashwa, na bati la gari litabaki na karibu volti zote 220, leo, kesho, wiki nzima. Kwa hiyo anayekwambia "nimekuwekea fimbo ya ardhi, sasa mko salama" amekupa nusu ya kinga, na kwenye makoro nusu hiyo peke yake haitoshi.

Nusu nyingine ni difarensieli. Ni ile disjonkta yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Kazi yake haifanani na ya disjonkta ya kawaida: inafanya kama mhasibu wa duka, inahesabu kuranti inayotoka kwenye fezi na inayorudi kwenye nyutro, na ikikuta kiasi fulani kimepotea njiani inakata. Kiasi hicho kimeandikwa juu yake. Kwa gari lenu kiwe miliampea 30, yaani 0.03 A. Usikubali 300 wala 500. Kwa macho zinafanana, na dukani utakuta zimepangwa pamoja, lakini hizo zimewekwa kuzuia moto, hazimwokoi mtu. Juu ya miliampea 30 moyo unaanza kuwa hatarini muda ukirefuka, ndiyo sababu namba hiyo ikachaguliwa.

Rudi sasa kwenye ardhi yetu ya omu 200. Miliampea 30 zikipita humo, bati linapanda volti 6 tu kabla difarensieli haijakata. Hata ardhi ikiwa omu 500, ni volti 15. Kanuni za kimataifa za umeme, za IEC, zinataka bati lisizidi volti 50, kwa hiyo kwa difarensieli ya miliampea 30 zinavumilia hadi omu 1,666. Mimi siwezi kulala na namba hiyo. Makoro hukauka Juni hadi Agosti na kipimo hupanda, kwa hiyo mnaopima wakati wa mvua ombeni chini ya 200, ili Julai ikifika bado mna nafasi. Lakini ona jambo lenyewe: ardhi ile ile ambayo haikuweza kuamsha disjonkta ya ampea 16 inatosha kabisa kuamsha difarensieli. Hapa Goma hivi viwili vinakwenda pamoja. Difarensieli bila ardhi itakata, ndiyo, lakini itakata umeme ukiwa tayari unapita mwilini mwa mtu. Ikiwa na ardhi inakata hitilafu inapotokea tu, saa nane ya usiku, kila mtu amelala.

Kuna jambo la kitufe cha T ambalo wengi hawaambiwi. Ukikibonyeza na kifaa kikakata, umejua kwamba mashine ya ndani ni nzima. Hujajua lolote kuhusu ardhi. Kitufe hicho kinafanya kazi vile vile hata kama waya wa ardhi haujaunganishwa na chochote, kwa sababu jaribio lake linazunguka ndani ya kifaa chenyewe. Kibonyezeni kila mwezi, ni desturi nzuri, lakini siku ya kukabidhiwa kazi mwambie fundi alete kipima prizi kinachovujisha kuranti kutoka fezi kwenda ardhi, akichomeke kwenye prizi ile ya uani. Kikikata kwa T na kisikate kwa kipima hicho, ardhi yenu haipo, iko kwa jina tu.

Ardhi yenyewe itapatikanaje? Sahau kutoboa mwamba. Tafuteni mahali penye udongo: bustani mliyoijaza udongo wa kununua, migomba, chini ya mfereji unapomwagika maji ya paa, karibu na tangi. Pachimbwe mtaro badala ya shimo, kina cha sentimita 60 au zaidi panaporuhusu, na ulazwe humo waya wa shaba mtupu wa milimita 25 za mraba, mita 10, 15, kadiri mtaro unavyokwenda. Urefu ndio unaosaidia. Mita kumi za kulala kwenye udongo wenye unyevu zinashinda fimbo tatu zilizosimama kwenye jiwe. Zungushieni waya udongo wa mfinyanzi uliolowa, ushindiliwe vizuri, kisha rudisheni udongo. Chumvi msiweke, ingawa mtashauriwa: mwaka wa kwanza kipimo kitapendeza, halafu mvua itaiosha na itakuwa imekwisha kula shaba. Bomba la maji nalo lisifanywe ardhi, maana siku hizi ni plastiki karibu lote, na hata pale lilipo la chuma, jirani akitengeneza lake anaweza kuikata ardhi yenu bila kujua.

Na kwa kuwa mnaishi upande wa magharibi ya mji: kabla ya kuchimba, waulizeni wakazi wa zamani kama kwenye parseli, yaani kiwanja chenu, au karibu yake kuna mazuku. Gesi hiyo ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka chini, ni nzito kuliko hewa tunayovuta, hivyo inakaa mashimoni na mabondeni, hasa alfajiri pasipo na upepo. Mtaro wa sentimita 60 mtu anaweza kuinama ndani yake. Na gari lenyewe lisiegeshwe kwenye bonde la aina hiyo. Anayelala kitandani humo yuko karibu na ardhi kuliko mnavyodhani.

Tuje kwenye waya wa kutoka nyumbani. Gari lipewe njia yake peke yake kutoka kwenye kofre ya nyumba, yaani kisanduku cha disjonkta, baada ya mita ya umeme. Kabla ya mita ni mali ya shirika linalowapa umeme, msiguse. Kwenye kofre iwekwe disjonkta ya ampea 16 na difarensieli ya miliampea 30, au kifaa kimoja kinachofanya kazi zote mbili, na kikate nyaya zote mbili, fezi na nyutro, si fezi pekee. Prizi za mitaa yetu hazitunzi mpangilio: leo fezi iko kulia, kesho fundi mwingine kaigeuza, na kinga inayokata upande mmoja tu inaweza kukuachia fezi hai ndani ya gari lililozimwa.

Kutoka kofre hadi prizi ya uani, tuseme mita 30, wekeni kebo ya nyaya tatu za milimita 4 za mraba. Kwa ampea 16 itapoteza kama volti 4. Ile ya milimita 2.5 ingepoteza karibu 7, na kwa kuwa kuna siku umeme wenyewe unafika nyumbani ukiwa umechoka, kila volti ina kazi. Kuizika kwenye makoro ni kazi ya nyundo na jasho. Mimi ningeipitisha kwenye ukuta wa ua, ndani ya bomba, na kuizika pale tu inapolazimika kuvuka njia. Isining'inie juu kwa urefu wa kugongwa na gari likiingia. Prizi ya buluu ifungwe ndani ya kisanduku chenye mfuniko, cha daraja la kuzuia maji la IP44 au zaidi, kati ya nusu mita na mita moja na nusu kutoka chini, isiwe chini ya ukingo wa paa.

Kutoka hapo hadi gari ni kebo ya mpira, laini, nyaya tatu za milimita 2.5, isiyozidi mita 25. Ralonji yenu ya sasa, kama ni zile nyeupe za madukani, pengine ni milimita 1 au chini yake. Kwa urefu wa mita 25 na ampea 16, waya wa namna hiyo unageuza zaidi ya wati 200 kuwa joto njiani, na pale uliposokotwa au kubanwa na dirisha joto halina pa kwenda. Hata kebo nzuri lazima ifunguliwe yote. Iliyobaki imezungushwa kwenye gurudumu lake, ikibeba mzigo mkubwa usiku kucha, inayeyuka katikati ambako huoni.

Mkienda kununua Birere, chukueni kisu. Kuna kebo nyingi sokoni ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Mwombe muuzaji akate kipande kidogo, toa uzi mmoja, ukwangue kwa ncha ya kisu. Shaba inabaki nyekundu hadi ndani. Ya kupaka, baada ya kukwangua mara mbili tatu, inaonyesha weupe. Pia ukiishika mkononi ni nyepesi isivyo kawaida, na ukiukunja uzi huo mbele na nyuma unakatika upesi. Anayekukatalia kukwangua, mwachie kebo yake. Angalia pia unene wa shaba yenyewe, maana mpira mnene unaweza kuficha nyaya nyembamba, na namba iliyoandikwa nje haina wa kuitetea.

Kwa ampea 16 mtapata wati 3,520 kwa jumla. Birika la umeme peke yake ni kama 2,000. Mama mkwe akichemsha maji huku kipasha maji cha gari kimewashwa na jiko la umeme limewekwa, disjonkta itakata, na hiyo ni kazi yake. Msibadilishe kuweka ya 25 au 32 ili isisumbue. Kebo, plagi na nyaya za ndani ya gari zimepimwa kwa 16.

Ndani ya gari kuna ukaguzi mmoja ambao siwezi kuuacha, na ufanyike kabla ya kulichomeka tena. Kebo ikiwa haijaunganishwa na nyumba, fundi aweke maltimita kwenye kipimo cha omu, ncha moja kwenye jino la ardhi la plagi ya buluu, nyingine kwenye chasisi, sehemu iliyokwanguliwa rangi. Isizidi omu 1. Arudie kwenye bomba la gesi na kwenye bati la friji. Kisha apime kati ya fezi na ardhi, na kati ya nyutro na ardhi, kwa chombo cha volti 500 cha kupima insulesheni, yaani uzima wa ganda la nyaya, baada ya kuchomoa chaja na vifaa vingine vya elektroniki visije vikaharibika. Namba ikiwa ndogo, mwambie asiishie hapo: atafute kifaa kimoja kimoja mpaka apate kinachovuja. Kwenye magari ya umri huo mimi ningeanza na kipasha maji, halafu friji. Msafiri aliyewauzia amepita barabara mbaya nyingi mpaka kufika Goma, na mtikisiko hulegeza skrubu za nyaya, zote zikazwe.

Wanaosoma ambao gari lao limetoka Marekani, wasifuate namba hizi. Huko magari ya kulala yanatumia volti 120 na masafa ya hezi 60, kwa plagi ya ampea 30, au ya ampea 50 inayobeba nyaya mbili za volti 120. Hata Wamarekani wenyewe huunguza magari yao kwa kuifungia prizi ya ampea 30 volti 240, wakidhani ni ya mashine ya kukaushia nguo. Hapa kwetu gari hilo linahitaji transfoma ya kushusha kutoka 220 hadi 120, yenye nguvu ya kutosha mzigo wote, na vifaa vyake vyenye mota bado vitazunguka kwa hezi 50 badala ya 60. Kiyoyozi chake, kwa mfano, kinaweza kupata joto kupita kiasi.

Jenereta sasa. Kwanza niulize: mnaiunganishaje na nyumba? Kama ni kwa ule waya wenye plagi ya meno pande zote mbili, unaochomekwa kwenye prizi ya ukutani, ukateni leo. Umeme wa jenereta unapita kwenye mita, unatoka barabarani, unafika kwenye transfoma ya mtaa na kupanda kuwa maelfu ya volti upande wa pili, ambako kuna fundi wa shirika juu ya nguzo anayeamini kwamba laini imekufa. Na umeme wa mji ukirudi ghafla, jenereta yenyewe inaungua. Wekeni swichi ya kubadilishia yenye nafasi tatu: mji, sifuri, jenereta. Ikiwa upande mmoja haiwezi kuwa upande mwingine.

Lakini swichi hiyo ikishawekwa, kuna mtego. Jenereta nyingi ndogo zinazobebeka, nyaya zake mbili hazijafungwa kwenye ardhi wala kwenye fremu yake. Kuranti inayovuja kupitia ardhi haina pa kurudia, kwa hiyo haitembei, na difarensieli mliyoinunua inakaa kimya. Hitilafu moja haisikiki. Ya pili ikija kwenye waya mwingine, mtu anapigwa na hakuna kinachokata. Kwa hiyo jenereta inapolisha nyumba na gari kupitia swichi, fundi aunganishe nyutro ya jenereta na ardhi ya parseli, mahali pamoja tu, upande wa jenereta, kabla ya difarensieli. Baada ya hapo arudie jaribio la kipima prizi, jenereta ikiwa inafanya kazi. Wengi hujaribu kwa umeme wa mji tu, wakaondoka.

Jenereta isimame mbali na gari, moshi wake ukielekea kwingine. Chumba cha gari ni kidogo na madirisha yake yanafunga sawasawa. Moshi ukiingia humo, hata usiwe mwingi, unaweza kuijaza hewa yake sumu. Na usiku wa baridi mgeni akitaka kuota moto, mbabula isiingie humo hata kama mkaa umeshakuwa mwekundu usiotoa moshi. Mkaa mwekundu ndio unaotoa ile sumu isiyo na harufu. Kama ni baridi, blanketi la pili.

Umeme wa mji unaporudi, subirini dakika chache kabla ya kuwasha njia ya gari, kwa sababu mara nyingi hurudi ukiruka juu na chini. Kuna kifaa kidogo cha kufungwa kwenye kofre kinachoangalia volti na kuchelewesha kuunganisha mpaka zitulie. Kikipatikana, kinafaa chaja na friji.

Mwisho ni radi. Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani, na hakuna disjonkta wala difarensieli inayozuia radi. Ngurumo zikianza upande wa ziwa au wa Sake, lichomoeni gari kabla mvua haijafika kwenu. Zimeni disjonkta kwanza, chomoeni upande wa prizi ya ukutani, kisha upande wa gari, na kebo iwekwe mahali pakavu. Wakati wa kuunganisha tena, anzeni upande wa gari, halafu ukutani, na disjonkta iwe ya mwisho kuwashwa, kisha mbonyeze T mwone imekata, ndipo muiwashe tena.